Uvuvi wa Burudani Baharini: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari ya Nusu Siku

Mwananchi anayekwenda likizo Nungwi, Mafia, Tanga au Dar es Salaam anaweza, kwa malipo ya makubaliano, kupanda boti alfajiri akiwa na nahodha na mwongozaji, akavua samaki katika kina kirefu na kurejea ufukweni kabla ya adhuhuri. Huduma hii hujulikana kama uvuvi wa burudani. Kwa miaka mingi imehusishwa na watalii kutoka nje ya nchi, lakini kadiri utalii wa ndani unavyohamasishwa, familia na vikundi vya Watanzania navyo vimekuwa vikiiulizia.

Safari ni fupi, lakini bahari inayotumika si ndogo. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, ikiwa imepakia abiria wengi kupita uwezo wake, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, MV Skagit ilizama karibu na Kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Hizo zilikuwa meli za abiria, kubwa mara nyingi kuliko boti ya kuvulia. Ajali hizo zinakumbusha jambo moja: usalama wa safari ya baharini huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla chombo hakijang'oa nanga. Anayeuliza maswali yanayostahili akiwa bado ufukweni hujilinda mwenyewe, huwalinda wenzake, na hulinda rasilimali ambayo maelfu ya wavuvi wa pwani huitegemea.

Makala haya yanaeleza namna safari hiyo inavyofanyika, misimu inayofaa, sheria na taasisi zinazohusika, maswali ya kuuliza kabla ya kulipa, na wajibu wa mgeni akiwa baharini.

Uvuvi wa burudani ni nini

Uvuvi wa burudani ni uvuvi unaofanywa kwa ajili ya mapumziko au mashindano, si kwa ajili ya biashara ya samaki. Tofauti na mvuvi wa nyavu, mvuvi wa burudani hutumia mshipi na ndoana, mara nyingi kwa fimbo ya kuvulia yenye gurudumu la kukunjia mshipi. Anavua samaki mmoja mmoja, na katika hali nyingi anaweza kuamua yupi amchukue na yupi amrudishe majini akiwa hai.

Njia mbili ndizo hutumika zaidi katika safari za nusu siku. Ya kwanza ni kurambaza, yaani boti kwenda kwa mwendo wa wastani huku mishipi kadhaa ikikokota chambo nyuma yake. Kwa njia hii hupatikana samaki wa maji ya juu kama nguru, jodari, mzia, kolekole, fulusi na jamii ya nduaro na sulisuli. Ya pili ni kuvua kwa mshipi wenye chubwi, boti ikiwa imetia nanga au inaelea taratibu karibu na mwamba, ambapo hupatikana changu, chewa na samaki wengine wa miambani. Njia ya kwanza huhitaji boti yenye mashine nzuri na mafuta mengi, hivyo gharama yake huwa kubwa. Njia ya pili inawafaa zaidi watoto na wageni wasio na uzoefu, kwa kuwa haihitaji kwenda mbali.

Kwa nini Nungwi, Pemba na Mafia

Mafanikio ya safari ya nusu siku hutegemea ukaribu wa maji ya kina. Muda ni mchache, na kila saa inayotumika kusafiri ni saa inayopotea katika kuvua.

Kati ya Unguja na Tanzania Bara bahari ina kina cha makumi ya mita tu kwa sehemu kubwa, kwa kuwa Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara. Pemba ni tofauti. Kisiwa hicho kimetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita, ndiyo maana samaki wakubwa wa bahari kuu hupita karibu kabisa na pwani yake. Nungwi, iliyoko kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, inanufaika na hali hiyo. Boti inayotoka hapo hufika katika maji ya kina baada ya mwendo mfupi, na kaskazini zaidi kuna mwamba wa chini ya bahari unaoitwa katika ramani Leven Bank, ambako mkondo wa maji unapogonga mwinuko huo huwakusanya samaki wadogo, na wakubwa huwafuata.

Mafia nako mwambao wa mashariki unapakana na bahari kuu. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, safari nyingi huanzia Msasani, Kunduchi na Kigamboni, na kwa kawaida boti huvuka nje ya visiwa kabla ya kuanza kuvua.

Misimu, upepo na maji

Mwaka wa baharia wa Afrika Mashariki hugawanywa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, na kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Katikati ya pepo hizo kuna vipindi vya mpito ambavyo bahari mara nyingi hutulia. Kusi ndiyo pepo yenye nguvu zaidi. Kati ya Juni na Agosti mawimbi huwa makubwa, na mkondo wa bahari unaoelekea kaskazini huongeza kasi. Safari nyingi za burudani hupungua au huhamia upande wa kisiwa uliokingwa na upepo.

Kwa ujumla, kipindi cha kuanzia Agosti hadi Novemba husifika kwa jodari, na kipindi cha kaskazi husifika kwa sulisuli na jamii yake. Hata hivyo, hakuna nahodha mwaminifu anayeweza kumuahidi mgeni samaki fulani kwa siku fulani. Mgeni anayeahidiwa hivyo anapaswa kuwa na shaka.

Maji kujaa na kupwa nayo yana nafasi yake. Wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kina kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Zanzibar inaweza kufikia takribani mita 4. Boti iliyoondoka ikielea karibu na mchanga inaweza kurejea ikakuta mwamba mtupu, na abiria wakalazimika kutembea mbali juu ya matumbawe yenye ncha kali na fuu wa baharini. Ndiyo maana muda wa kuondoka hupangwa kwa kuangalia kalenda ya maji, na viatu vya majini ni vazi la lazima.

Taarifa za hali ya hewa

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa kila siku unaohusisha pia bahari. Hali ikibadilika, mamlaka hutoa taarifa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Wakazi wa pwani wamezoea kusikia angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa mikoa ya Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Kwa boti ndogo ya kuvulia, angalizo la namna hiyo linatosha kuahirisha safari.

Tukio la Mei 2024 linafaa kukumbukwa. Kimbunga Hidaya kilifika katika Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei, kikileta mvua kubwa na upepo mkali katika pwani. Kwa kuwa TMA ilikuwa imetoa taarifa mapema, safari za baharini zilisitishwa kabla hali haijawa mbaya. Mgeni asione haya kuonyesha taarifa ya TMA kwenye simu yake na kumuuliza nahodha maoni yake. Nahodha mzuri atakuwa ameshaiona.

Sheria na taasisi zinazohusika

Uvuvi si suala la Muungano kwa maji ya ndani na ya karibu na pwani, hivyo kila upande una sheria yake. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni za Uvuvi za 2009, chini ya wizara yenye dhamana ya uvuvi. Zanzibar inaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya 2010, chini ya Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Uvuvi wa burudani unahitaji leseni au kibali. Kwa kawaida mwenye boti ndiye hushughulikia jambo hilo kwa niaba ya wageni wake, lakini mgeni ana haki ya kuonyeshwa.

Usalama wa vyombo ni jukumu la Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA) kwa visiwani. Taasisi hizo hukagua vyombo na kuthibitisha idadi ya watu ambao chombo kinaruhusiwa kubeba. Katika maji ya Zanzibar, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM) hushiriki ulinzi wa bahari na uokoaji.

Maeneo ya hifadhi yana utaratibu wake. Kwa Bara, Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994 ndiyo iliyofungua njia ya kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, ambayo ndiyo ya kwanza nchini, ikifuatiwa na ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000 na ya Silikanti mkoani Tanga mwaka 2009.

Mahali pasipovuliwa

Mgeni wengi hudhani kwamba pale palipo na maji safi na matumbawe mazuri ndipo pa kuvua. Mara nyingi ni kinyume chake. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vinavyoonekana kutoka fukwe za Dar es Salaam, ni maeneo tengefu. Wageni huruhusiwa kuogelea na kupumzika baada ya kulipa ada, lakini si kuvua.

Katika Hifadhi ya Mafia bahari imegawanywa katika kanda. Kuna ukanda wa msingi ambao uvuvi hauruhusiwi kabisa, ukanda wa matumizi maalumu wenye masharti, na ukanda wa matumizi ya jumla. Mwongozaji anapaswa kujua mipaka hiyo na kuwa na kibali cha uongozi wa hifadhi.

Kwa Zanzibar, mwamba wa Chumbe umefungwa kwa uvuvi tangu 1994. Ghuba ya Menai, Kisiwa cha Mnemba na maji yake, pamoja na Misali na mkondo wa magharibi mwa Pemba, vimo ndani ya maeneo ya hifadhi ambayo wanavijiji na serikali huyasimamia kwa pamoja kwa viwango tofauti. Mgeni anayelipa ada ya hifadhi adai stakabadhi rasmi ya serikali. Malipo yasiyo na stakabadhi hayafiki kwa walinzi wa bahari wala kwa vijiji vinavyostahili mgawo wao.

Sababu ya makatazo haya ni ya kiutendaji. Samaki wa miambani kama chewa hukua polepole na huchukua miaka kufikia umri wa kuzaa. Mwamba unaolindwa huwa kama kitalu, na samaki wanaozidi humo huhamia maeneo ya jirani ambako wavuvi huwapata. Kuvua kitaluni kwa burudani ya saa moja ni kuwanyima wavuvi hao mavuno ya kesho.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Wananchi wanashauriwa kukodi boti kupitia hoteli, kampuni iliyosajiliwa au chama cha waendesha boti kinachotambulika, na kuuliza yafuatayo wakiwa bado ufukweni.

1. Je, boti imesajiliwa na kukaguliwa, na inaruhusiwa kubeba watu wangapi? Idadi hiyo hujumuisha pia nahodha na wasaidizi wake.

2. Je, kuna jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, likiwemo la ukubwa wa mtoto? Jaketi lijaribiwe na kufungwa vizuri kabla ya kuondoka. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani anapotumbukia majini.

3. Je, boti ina mashine ya pili, na mafuta yanatosha kwenda, kurudi na kubaki akiba?

4. Kuna njia gani ya mawasiliano? Redio ya baharini ni bora kuliko simu, kwa kuwa mtandao wa simu hupotea kadiri boti inavyokwenda mbali. Chaneli 16 ndiyo ya dharura duniani kote.

5. Je, kuna sanduku la huduma ya kwanza, kizima moto, taa, ndoo ya kukumbia maji na kifaa cha kutoa ishara ya hatari?

6. Nani aliyeko nchi kavu anajua boti inakwenda wapi na itarudi saa ngapi?

7. Je, leseni ya uvuvi na kibali cha eneo vipo?

8. Bei ni ya boti nzima au ya mtu mmoja mmoja, na inajumuisha nini? Mafuta, chambo, vifaa, barafu, maji ya kunywa na ada za hifadhi vitajwe kimoja kimoja.

9. Hali ya hewa ikiharibika, fedha hurudishwa au safari huahirishwa? Mgeni anayehofia kupoteza fedha zake anaweza kumshinikiza nahodha kutoka katika siku isiyofaa, hivyo swali hili ni la usalama kama lilivyo la fedha.

10. Samaki watakaopatikana ni wa nani? Mahali pengi mwenye boti huchukua samaki wakubwa na mgeni hupewa wa kitoweo. Makubaliano ya mapema huzuia manung'uniko.

Nahodha anayejibu maswali haya kwa utulivu na kuonyesha vifaa vyake anastahili kuaminiwa. Anayekasirika au kuharakisha wageni anawapa jibu la aina nyingine.

Safari yenyewe

Safari ya nusu siku kwa kawaida huchukua saa 4 hadi 6. Boti huondoka karibu na saa 12 asubuhi, jua linapochomoza, kwa sababu samaki wengi hula kwa nguvu wakati huo na upepo wa mchana haujaamka. Mgeni anapaswa kula chakula chepesi mapema. Wanaosumbuliwa na kichefuchefu cha safari wapate ushauri wa mfamasia siku moja kabla, kwa kuwa dawa nyingi hufanya kazi zikinywewa kabla ya kuanza safari, si baada ya kigegezi kuanza. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Kukaa sehemu ya nyuma au ya katikati ya boti na kutazama upeo wa bahari hupunguza tatizo.

Vitu vya kubeba ni kofia yenye kamba, nguo ya mikono mirefu, miwani ya jua, mafuta ya kukinga ngozi, maji ya kutosha na mfuko usioingiza maji kwa ajili ya simu. Mifuko ya plastiki ibaki nyumbani. Matumizi yake yalipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia kuipiga marufuku. Kasa hudhani mfuko unaoelea ni kiwavi wa baharini, huumeza na kufa.

Boti inapofika katika maji ya kina, wasaidizi hutupa mishipi kwa umbali tofauti na mwendo hupunguzwa hadi maili za baharini 6 hadi 8 kwa saa. Kuanzia hapo kazi kubwa ni kutazama. Ndege wanaopiga mbizi mahali pamoja ni dalili kwamba vibua au dagaa wamesukumwa juu na samaki wakubwa. Mshipi unapovutwa ghafla, nahodha huondoa mwendo, mishipi mingine hukusanywa, na mgeni hukabidhiwa fimbo. Maelekezo ya msaidizi yafuatwe neno kwa neno. Mshipi usizungushwe mkononi kwa hali yoyote, kwa kuwa jodari wa kilo 20 anaweza kukata vidole. Nguru na mzia wana meno makali hata baada ya kufikishwa ndani ya boti, hivyo kazi ya kutoa ndoana huachiwa msaidizi.

Njiani boti hukutana na wavuvi wa ngalawa, mashua na mitumbwi. Boya dogo linaloelea linaweza kuwa alama ya dema lililozamishwa chini au ya jarife lililotegwa usiku kucha. Boti ya burudani ina wajibu wa kuyapitia mbali. Nyavu inayokatwa na mashine ni mtaji wa familia, na mwenye nayo hana njia ya kumjua aliyeikata.

Humpback na nyangumi wengine huonekana katika pwani ya Tanzania hasa kati ya Julai na Oktoba, na pomboo huonekana mwaka mzima. Wanyama hao hutazamwa kwa umbali, bila kufukuzwa wala kuzungukwa na boti.

Kumrudisha samaki majini

Nduaro, sulisuli na jamii yao ni samaki wa bahari kuu wanaosafiri kutoka nchi moja hadi nyingine, hivyo uhifadhi wao ni wa pamoja. Tanzania ni mwanachama wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi yenye makao yake Shelisheli. Azimio la tume hiyo la mwaka 2018 linataka samaki wa jamii hiyo wenye urefu wa chini ya sentimita 60, unaopimwa kuanzia taya la chini hadi panda ya mkia, warudishwe baharini. Waongozaji wengi huenda mbali zaidi na kumrudisha kila sulisuli, mkubwa kwa mdogo.

Kumrudisha samaki kuna utaratibu wake. Samaki abaki majini kando ya boti na asiburuzwe juu ya ukingo kwa ajili ya picha. Mikono iloweshwe kabla ya kumgusa, kwa kuwa mkono mkavu huondoa ute unaokinga ngozi yake. Ndoana ikiwa imeingia ndani sana, ni afadhali kukata mshipi karibu na mdomo kuliko kuipasua kwa nguvu. Samaki aliyechoka hushikwa akitazama mbele huku boti ikisogea taratibu ili maji yapite kwenye matamvua yake, na huachiwa anapoanza kupiga mkia mwenyewe. Matumizi ya ndoana za duara husaidia, kwa kuwa mara nyingi hushika pembeni mwa mdomo badala ya tumboni.

Kasa, nguva, pomboo, nyangumi na silikanti wanalindwa na sheria. Wakinaswa kwa bahati mbaya, waachiwe mara moja. Kwa kasa kuna sababu nyingine ya kiafya: Machi 2024 watu 9, wakiwemo watoto 8, walifariki katika Kisiwa cha Panza, Pemba, baada ya kula nyama yake.

Samaki wa kula

Samaki anayechukuliwa kwa kitoweo awekwe kwenye barafu mara anapotolewa majini. Jodari na nguru wakiachwa juani hujenga sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa, na humsababishia mlaji wekundu wa uso, maumivu ya kichwa na kutapika. Bunju asichukuliwe kabisa. Sumu yake huua, na kumchemsha au kumkaanga hakuiondoi. Samaki ambaye nahodha hamtambui arudishwe baharini.

Wakati wa dharura

Mashine ikizimika au boti ikiingiza maji, abiria wavae majaketi, wakae chini na wabaki pamoja na chombo. Boti iliyopinduka kwa kawaida huendelea kuelea, na waokoaji huiona kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu. Kujaribu kuogelea hadi ufukweni kumegharimu maisha ya wengi, kwa kuwa mkondo humchukua mtu kuelekea bahari kuu. Mtu akitumbukia, mmoja wa abiria amnyooshee kidole bila kuondoa macho huku nahodha akigeuza boti. Taarifa itolewe kwa redio chaneli 16 au, pale penye mtandao, kwa namba ya dharura 112.

Familia iliyobaki hotelini nayo ina nafasi yake. Saa ya kurejea ikipita na hakuna taarifa, itoe habari mapema kwa uongozi wa hoteli, polisi au kituo cha KMKM, bila kusubiri jioni.

Manufaa kwa jamii ya pwani

Safari moja ya nusu siku hutoa kazi kwa nahodha, wasaidizi, fundi wa mashine, muuza barafu na muuza chambo. Nahodha wengi wa boti za burudani ni watoto wa wavuvi waliojifunza bahari kwa baba na babu zao. Wanajua miamba kwa majina ya kienyeji na husoma upepo kwa rangi ya maji. Ujuzi huo ndio mgeni anaoulipia, zaidi ya mafuta na vifaa. Sulisuli anayerudishwa majini anaweza kuwaletea kipato tena mwezi ujao.

Kwa hiyo mgeni anapochagua boti iliyokaguliwa, anapolipa ada kwa stakabadhi na anapokubali kubaki ufukweni siku ya angalizo, anawaunga mkono manahodha wanaofanya kazi kwa uaminifu dhidi ya wanaokata kona. Nahodha akisema leo bahari haifai, mgeni amshukuru na ampangie siku nyingine.